Breki za Bi Tulia

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Bi Tulia huenda kwanza kuijulia hali baiskeli yake.

Baiskeli hulala ukumbini, imeegemea ukuta kati ya pipa la maji na mlango wa mama mkwe wake. Anaishika usukani, anaisukuma kwa nyonga hatua moja, anabana breki ya mbele. Kwik. Anaachia. Anaisukuma tena, anabana ya nyuma. Kwik. Kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani. Breki zikijibu vizuri, anakwenda zake kunawa. Zikijibu vibaya, uso utasubiri, chai itasubiri, na yeyote mwenye haraka zake atasubiri, mpaka ajue zina nini.

Mumewe ni fundi cherehani, na mtaa mzima humwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine duniani wamekwisha. Fundi hana saa ya kumwamsha. Kwik ya kwanza humfungua jicho moja, kwik ya pili humfungua la pili. Na mama yake Fundi, bibi mwembamba kama uzi wa kudarizi, husema kutoka chumbani mwake, "Haya, jogoo wa chuma ameshawika. Amkeni, wavivu."

Mtaa wao uko juu ya mlima, na kila kitu anachokihitaji mtu kiko chini: soko, zahanati, stesheni, hata duka la Fundi lenyewe. Basi lipo, lakini linazunguka nyuma ya mlima kama linatafuta kitu lilichokiangusha. Kwa hiyo watu hupanda kwa basi na kushuka kwa baiskeli. Barabara ya kushukia ina kona tatu: ya kwanza kwenye tangi la maji, ya pili kwenye ukuta wa shule, ya tatu kwenye kiwanda cha mbao, ambako upepo humwaga vumbi la mbao barabarani na lami inateleza kama imepakwa mafuta. Asiyetaka baiskeli ana ngazi za mawe, zinazoshuka moja kwa moja nyuma ya nyumba za watu, katikati ya kamba za nguo na mabanda ya kuku.

Fundi alikuwa mtu wa ngazi. Mke wake alishusha mlima mzima, walimu, wagonjwa, maharusi, hata kasisi mmoja mnene aliyeshuka akisali kwa sauti. Mumewe alishuka kwa miguu, mkoba wa mikasi begani, fimbo mkononi.

Si kwamba aliwahi kuanguka. Hakuanguka, wala hakuangushwa na mtu. Tumbo lake tu halikuumbwa kwa mteremko. Walipokuwa wameoana karibuni alipanda nyuma ya mkewe mara moja, wakafika kwenye tangi la maji, hata kona hawajaingia, akaomba ashuke. Akashuka, akatapika juu ya viatu vyake vya harusi. Bi Tulia alivichukua vile viatu, akavisafisha, akavianika. Tangu siku hiyo hakumtajia habari ile, si kwa hasira, si kwa mzaha, wala siku ile walipogombana mpaka masufuria yakaruka. Mwanamke mwenye ulimi wa kawaida angekuwa ameshaitumia silaha ile mara mia. Yeye aliitupa. Na Fundi, ambaye si mtu wa maneno mengi, alilijua hilo na alilitunza moyoni.

Kijiweni, pale waendesha baiskeli wanaposubiri abiria, wenzake walikuwa wakimchokoza. "Bi Tulia, mzee yuko wapi? Au anaogopa mke kumpeleka puta?"

"Mume wangu ni mtu wa ngazi," alijibu. "Na ngazi nazo zinahitaji watu. Tukishuka wote kwa baiskeli, zitaota majani."

Kuendesha hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na mchuzi.

Alipokuwa msichana, baba yake alisukuma magogo kwenye kile kiwanda cha mbao, na chakula cha mchana kilitakiwa kimfikie kikiwa cha moto. Akapewa baiskeli ya kiume, kubwa kumzidi, na bakuli la chakula likaning'inizwa kwenye usukani. Siku ya kwanza alifika na bakuli tupu, mchuzi wote mapajani. Baba yake hakumgombeza. Alilamba mfuniko, akasema, "Mwanangu, leo nimekula mwendo. Kesho niletee chakula."

Basi akaanza kusoma mchuzi. Akibana breki ghafla, unaruka mbele. Akiingia kona amekaa wima kama mlingoti, unamwagika upande. Akishuka huku amebana breki njia nzima kwa woga, unatetemeka, unatetemeka, mwisho unapenya kwenye mfuniko. Lakini akipunguza mwendo kabla ya kona, akaachia, akalala na baiskeli upande inakotaka, mchuzi unatulia kama uko mezani. Alijifunza kwamba mteremko unamgawia mtu mwendo bila kumwuliza, na kazi yake ni kuchukua ule tu anaoweza kuurudisha. Msimu wa mvua ulipokwisha, baba yake alikuwa akifunua bakuli na kukuta mchuzi haujagusa hata ukingo.

Akakua, akaolewa, watoto wakazaliwa, wakaondoka kwenda kwenye nyumba zao. Ndipo akaweka kiti cha sponji kwenye keria na kwenda kusimama kijiweni. Wanaume walimcheka wiki mbili tatu. Halafu wakazoea, maana abiria wake walirudi.

"Abiria ni mchuzi wenye miguu," alikuwa akisema. Na kwa sababu mchuzi hauna masikio lakini abiria anayo, alimfundisha kila mmoja kabla ya kushuka. Alimkalisha kwenye keria pale pale kwenye tambarare, akainama kulia, akainama kushoto. "Nikilala hivi, na wewe hivi. Usinishindanie. Miguu juu ya vyuma, usiburute. Macho unakokwenda. Tulia."

"Sasa hapa ni shule au usafiri?" wenye haraka walilalamika.

"Ni shule ya dakika moja. Ukifeli, unashuka na ngazi. Tulia."

Jina lake lilitoka hapo.

Tatizo lilikuwa mahali pa kushika. Watu walimshika nguo, wakazichana mishono. Mmoja alimshika masikio. Jioni moja akaweka mbele ya Fundi gauni la tatu lililopasuka, akasema, "Mume wangu, nishonee kitu ambacho mtu akikishika hataniua." Fundi hakuuliza mara mbili. Alichukua kipande cha turubai la lori, akashona mkanda mpana wa kiunoni wenye vishikio viwili nyuma, kama vile vya kapu. Kila kishikio alikipitisha mishono mitatu ya msalaba, akauvuta kwa meno, akaufunga kwenye nguzo ya mlango na kuuning'inia kwa uzito wake wote. Mama yake akamkuta ananing'inia.

"Mwanangu, umekuwa popo?"

"Napima mshono, mama."

"Pima kwa kupanda baiskeli ya mkeo, ndiyo kupima kwa mtu mzima." Bibi yule mwenyewe hushuka na mkwewe kila anapokwenda zahanati, kitambaa kichwani, akipunga mkono kwa watu kama mkuu wa wilaya. "Sijui nilikuzaa au nilikuokota."

Fundi alicheka, kesho yake akachukua fimbo yake.

Sasa, pale kijiweni alikuwako mwendesha baiskeli mwingine, mtu mzima, mpole, wakimwita Kobe. Yeye alishuka polepole kuliko wote. Alibana breki kutoka juu hadi chini bila kuachia, na breki zake zililia njia nzima kama birika la chai. Watu waliupenda sana mlio ule. "Unasikia? Breki zinafanya kazi." Akina mama wenye watoto, wazee, watu wenye mizigo ya vyombo, wote walimtaka Kobe. Mwenda pole hajikwai, walisema. Bi Tulia walimsifu, lakini waliongeza, "Ila mwendo wake una wasiwasi kidogo." Kwa sababu Bi Tulia baina ya kona na kona aliachia, upepo ukapuliza, halafu kabla ya kona akabana na kuachia, kubana na kuachia, kimyakimya. Na mtu akiwa na hofu hakiamini kitu kisichopiga kelele.

Siku moja ya jua kali Kobe alimpakia muuza mboga mmoja, mama mwenye matenga mawili ya nyanya. Walifika ukuta wa shule, mlio ukawa mkubwa. Wakaupita, mlio ukakatika. Muuza mboga alidhani sasa wamepumzishwa makelele. Kumbe ringi zilikuwa zimepata moto, raba za breki zimelainika kama ulimbo, hazishiki tena. Walifika kwenye kiwanda cha mbao bila breki. Kobe akaenda kwenye rundo la vumbi la mbao, na Mungu ambariki aliyelirundika pale. Alivunjika mfupa wa bega. Muuza mboga alivunjika kifundo cha mkono, na nyanya zikasafiri peke yake mpaka sokoni.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mlima wote ukashtuka. Kama Kobe kaanguka, nani atasimama? Kesho yake ngazi zilijaa watu kama siku ya uchaguzi. Kijiweni wenye baiskeli walikaa juu ya keria zao wakitafuna vijiti. Wiki ikapita. Mmoja akaenda kutafuta kazi ya kubeba zege, mwingine akarudi shamba kwao.

Bi Tulia alikwenda kumtazama Kobe. Fundi alifuatana naye, kabeba mfuko wa machungwa. Kobe alikuwa kalala na bega limefungwa, macho kwenye dari.

"Dada yangu," akasema, "mimi nilikwenda pole. Wewe unajua nilikwenda pole. Nilikosea nini?"

Fundi alimtazama mkewe. Alijua kwamba mkewe analo jibu. Aliwahi kumsikia mara nyingi akimwambia Kobe, kaka, ziachie kidogo zipumue, na Kobe akicheka tu. Mwingine angesema, si nilikwambia? Bi Tulia alimenya chungwa, akampa kipande.

"Hukukosea moyo, kaka. Ulitaka watu wasiogope. Breki ndizo zilizochoka, maana ulizitumia hata pale usipozihitaji, na ulipozihitaji zikawa zimekwisha. Ukipona tutashuka wote, wewe mbele mimi nyuma, nitakuwa nakwambia sasa, sasa."

Kobe akalia kidogo, akaomba chungwa lingine. Wakati wa kuondoka Bi Tulia aliichukua ile baiskeli iliyopinda, akaisukuma hadi kwao, akaanza kunyoosha spoku zake. Kwa nani? Hakuna abiria hata mmoja. Lakini alizinyoosha.

Fundi naye alikuwa chini dukani kwake akisikia mambo. Duka la cherehani lina dirisha moja kuelekea sokoni, na watu wakimwona fundi kainama juu ya mashine hudhani masikio yake nayo yameinama. Siku moja wanawake wawili walisimama nje, mmoja akamwambia mwenzake, "Twende tu na huyo Bi Tulia, hajawahi kumwangusha mtu."

"Mwenzangu, jiulize. Mumewe mwenyewe anashuka kwa fimbo. Unakula kwa mpishi ambaye mumewe anakula hotelini?"

Wakacheka, wakaondoka. Mguu wa Fundi ulisimama juu ya pedali ya cherehani. Maneno yale hayakuwa na kosa, hilo ndilo lililomchoma. Kumbe kila asubuhi, kila aliposhika fimbo, alikuwa anawatangazia watu kwamba mkewe haaminiki. Na mkewe hakuwahi kumwambia, badili njia, nisaidie. Hata sasa, kijiwe kimekauka, hakusema.

Alirudi nyumbani siku ile akiwa na maneno tayari. Njia nzima ya basi aliyapanga. Alipofika, alimkuta muuza mkaa ukumbini, anaipima baiskeli kwa mikono, anabonyeza matairi.

"Ni ngumu hii," muuza mkaa alikuwa akisema. "Itabeba magunia matatu. Kesho asubuhi nakuja kuichukua, mama."

"Kesho asubuhi," Bi Tulia akajibu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akamwongezea jambo moja tu, "Breki zake usizibane njia nzima."

Muuza mkaa alipoondoka, Fundi alifungua kinywa. Yale maneno aliyoyapanga kwenye basi hayakutoka. Tumbo liliyatangulia. Aliona kona ya tangi la maji mbele ya macho yake, akala chakula chake, akalala.

Asubuhi alichelewa kuamka.

Alifungua macho mwenyewe, yote mawili pamoja, jua limeshaingia dirishani. Alikaa kitandani akijiuliza ni nini kimeharibika duniani. Nyumba ilikuwa kimya. Kutoka chumba cha pili alimsikia mama yake akijigeuza. "Fundi," bibi akaita, taratibu, bila mzaha kwa mara ya kwanza. "Jogoo hakuwika."

Bi Tulia alikuwa jikoni anapuliza moto. Alishanawa uso. Hakuwa amekwenda kuijulia hali baiskeli, maana mtu haulizi hali ya kitu ambacho si chake tena.

Fundi alisimama ukumbini kwa miguu mitupu. Akaushika usukani. Alikuwa hajagusa baiskeli tangu mwaka wa viatu vya harusi. Akaisukuma kwa nyonga, kama alivyomsikia mkewe akifanya miaka yote bila kumwona, akabana.

Kwik.

Kule jikoni kupuliza kukakoma. "Nani anachezea baiskeli ya watu?"

"Abiria," akasema Fundi.

Bi Tulia alitokea mlangoni na majivu usoni. Alimtazama mumewe, akatazama mkono wake juu ya breki, akatazama tena uso. "Mume wangu, si lazima."

"Najua."

"Utatapika."

"Basi nitatapika. Leo nitavaa kandambili."

Mlango wa bibi ukafunguka, kichwa kikatoka. "Nimemzaa," akasema. "Sasa nimekumbuka. Nimemzaa mwenyewe."

Walipofika kijiweni, waliokuwako walisimama. Muuza mkaa naye alikuwa anapanda kuja kwao, kamba za kufungia magunia mkononi. "Mama, nimekuja kuchukua mzigo wangu," akasema.

Fundi alikuwa amekwisha kaa kwenye keria. "Ina mtu," akamwambia.

Bi Tulia alijifunga mkanda. Alimwinamisha mumewe kulia, akamwinamisha kushoto, kama alivyomfanyia kila mtu, hakumpunguzia somo hata kidogo. Mmoja wa waendesha baiskeli akapiga kelele, "Fundi, ukianguka cherehani nirithi mimi!" Mwingine akamjibu, "Huwezi hata kutunga uzi, wewe!" Fundi hakuwasikia vizuri. Vidole vyake vilikuwa vimeshika vile vishikio viwili, na kidole gumba kilikuwa kinaupapasa mshono, msalaba wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Mimi nifanye nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Wewe ni mchuzi," akasema mkewe. "Tulia."

Wakaondoka.

Kwenye tangi la maji alihisi tumbo linabaki nyuma. Mguu wake wa kulia ulianza kukanyaga hewani, kukanyaga na kukanyaga, kama yuko kwenye cherehani, na Bi Tulia akahisi baiskeli inatikisika. "Fundi, unashona nini huko nyuma?" Akacheka bila kutaka, mguu ukatulia. Breki zikabana, zikaachia, zikabana, zikaachia, na kona ikapita kama mtu anayekupisha mlangoni.

Barabara ikanyooka. Mke akaachia. Upepo ukamwingia Fundi masikioni na machoni, akayafumba. Pale pale mwili wake ukakakamaa, ukawa gogo. Kona ya ukuta wa shule ilipofika, Bi Tulia alilala kulia, yeye akabaki wima, na baiskeli ikaanza kwenda pana, pana, kuelekea mtaro wa upande wa pili.

"Fungua macho!" Haikuwa hasira, ilikuwa amri. "Mwili haulali upande usiouona!"

Akafungua. Akaona ukuta, madirisha ya darasa, mtaro karibu na kiatu cha mkewe. Akaona pia barabara inapokwenda. Akaitazama hiyo. Mwili ukaifuata wenyewe, na baiskeli ikarudi katikati.

Sasa mbele kulikuwa na kiwanda cha mbao. Msumeno uliunguruma, vumbi la njano likatanda juu ya lami. Hapa ndipo Kobe alipoanguka. Lakini Fundi alikuwa ameanza kusikiliza. Kwa miaka yote alidhani mwendo ni kitu kimoja kinachomchukua mtu na kumtupa. Sasa, macho wazi, alisikia kwamba mkewe yuko ndani ya mwendo ule anauliza na kujibiwa. Anabana kidogo: upo? Upo. Anaachia. Anabana: upo? Upo. Ilikuwa kama kiganja chake mwenyewe juu ya gurudumu la cherehani, pale anapokaribia pembe ya kola na kulipunguza mwendo kwa kuligusa tu, bila kulitazama, miaka na miaka, asitoboe kidole hata mara moja. Hakuwahi kuiogopa sindano ile, ingawa inakwenda mbio kuliko baiskeli yoyote. Aliijua mahali inaposimama.

Bi Tulia akamaliza kubana kabla ya vumbi. Ndani ya vumbi hakugusa breki hata chembe. Akalala kushoto, na Fundi akalala naye, wakapita juu ya ile njano kama kisu juu ya siagi, na wasukuma magogo wakaacha kazi kuwatazama.

Halafu yakabaki mapaa ya sokoni na mteremko wa mwisho, ulionyooka. Mkewe akaachia breki zote mbili. Fundi alifungua kinywa ili aseme polepole. Kikatoka kitu kingine, mlio kama wa mtoto anayerushwa juu na baba yake, anayejua atadakwa.

Sokoni watu walikuwa wamesimama. Yule muuza mboga alikuwa mbele ya meza yake, mkono umefungwa shingoni. Baiskeli ikasimama taratibu, hatua chache kutoka miguuni pake.

"Fundi, shuka, tumefika," akasema Bi Tulia.

"Ngoja. Nafumua vidole."

Watu wakacheka. Muuza mboga hakucheka. Alimsogelea. "Baba, niambie kweli. Umefika mzima?"

Fundi alijishika mbavu, akajishika magoti. "Mzima. Tumbo tu liko kule juu, linakuja na ngazi."

Hapo hata muuza mboga alicheka, akishika mkono wake unaouma. Kisha akamtazama Bi Tulia. "Mimi bado naogopa, dada. Sitaki kukudanganya."

"Ogopa tu," akasema Bi Tulia. "Mkono ukipona, njoo ukae kwenye keria pale tambarare, tusiende popote. Siku ya pili tutafika kwenye tangi. Hakuna anayekufukuza."

Halafu akamgeukia mumewe, akampangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimtazama kandambili, akatazama shati.

"Hujamwagika hata tone," akasema.

Fundi ameshonea watu wengi, amesifiwa suti na magauni ya harusi. Hakuna sifa iliyomkaa kama ile.

Bi Tulia aliposukuma baiskeli hadi juu alimkuta muuza mkaa bado amekaa kijiweni na kamba zake. "Huiuzi tena, au siyo?" akauliza.

"Siiuzi."

Muuza mkaa akafikiri, akavingirisha kamba. "Basi nishushe. Miguu imekwisha kwa kukupandia." Nyuma yake walikuwa wamesimama mwalimu mmoja na wale wanawake wawili wa dirishani. Akawafundisha wote kuinama, mmoja mmoja.

Asubuhi iliyofuata jogoo wa chuma aliwika mara mbili. Fundi akaamka kwa jicho moja, kisha jingine. Alikunywa chai, akavaa mkoba wa mikasi, na mkono wake, kwa mazoea, ukaikamata fimbo nyuma ya mlango. Akasimama nayo pale kizingitini. Tumbo lilikuwa linanguruma, halikuwa limejifunza lolote.

"Hiyo fimbo unaipeleka wapi?" mama yake akamwuliza. "Kamba yangu ya nguo imelegea, nipe niiinulie."

Akampa. Nje, Bi Tulia alikuwa ameishika baiskeli, breki amezibana, mkanda kiunoni. Fundi akatoka mikono mitupu, akaenda kukaa nyuma yake, na ngazi zile za mawe hazikumwona tena.